Mzazi na Kisu: Historia ya Kuzaa kwa Kupasuliwa katika Nchi za Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Methali ya Waswahili yasema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii husemwa ili kumkumbusha mzazi wajibu unaomngoja baada ya mtoto kuzaliwa, na kwa maana hiyo haina kasoro. Lakini msikilizaji akiichukua kwa maana yake ya wazi, atatambua kwamba imesemwa na mtu aliyekwisha kuvuka salama. Kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu katika mwezi wa saba wa mimba, mtoto akiwa amekingama tumboni, na hospitali ikiwa mbali naye kwa mwendo wa mtumbwi wa mchana kutwa, kuzaa ni kazi, tena ni kazi asiyoweza kuimaliza peke yake.

Makala haya yanachunguza historia ya kuzaa kwa kupasuliwa katika mji wa Kalemie na nchi zilizo jirani na Ziwa Tanganyika. Aghalabu historia ya upasuaji huelezwa kama historia ya kisu: nani alikileta, nani alikitumia kwanza, na kilinolewa vipi hata kikawa salama. Makala haya yanashika njia nyingine. Yanajaribu kuonyesha kwamba katika nchi hizi swali lililoamua uhai wa mama na mtoto lilikuwa, na lingali, swali la mwendo: je, kisu humfuata mzazi, au mzazi ndiye anayekifuata kisu? Na iwapo ni yeye anayekifuata, nani humfikisha?

Uchungu kabla ya wakati

Mimba ya binadamu huhesabiwa kuwa imetimia kuanzia wiki ya 37. Uchungu unaoanza kabla ya hapo huitwa uchungu wa mapema, na mtoto anayezaliwa humo huitwa, katika Kiswahili cha Tanzania, mtoto njiti. Sababu zake ni nyingi, na baadhi yake ni za kila siku katika nchi za ziwa: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, mimba ya pacha, shinikizo la damu, kupasuka kwa chupa ya maji kabla ya saa yake. Si kila uchungu wa mapema humpeleka mama kwenye kisu. Walio wengi huzaa kwa njia ya kawaida, na hofu hubaki kwa mtoto. Lakini yako mambo ambayo hugeuza uchungu huo kuwa dharura. Mtoto mdogo ana nafasi ya kugeuka tumboni, kwa hiyo ni rahisi zaidi akutwe amekingama au ametanguliza miguu. Kitovu huweza kutangulia mbele ya mtoto kikabanwa. Kondo la nyuma huweza kubanduka kabla ya mtoto kutoka, au likawa limeziba mlango wa uzazi tangu mwanzo. Kifafa cha mimba nacho hakingoji miezi 9.

Katika hali hizo muda ndio hakimu. Mtaalamu wa afya ya uzazi, Deborah Maine, alikadiria muda ambao kwa wastani hupita kati ya kuanza kwa tatizo na kifo cha mama asiyepata msaada. Makadirio hayo, yaliyoingizwa baadaye katika miongozo ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, ni haya: kutokwa damu baada ya kuzaa, saa 2, kutokwa damu kabla ya kuzaa, saa 12, kupasuka kwa mji wa mimba, siku 1, kifafa cha mimba, siku 2, uchungu uliozuiliwa, siku 3. Mtoto hana hata muda huo: kitovu kikibanwa, maisha yake huhesabiwa kwa dakika. Anayeijua ramani ya Kalemie na vijiji vyake hatakosa kuweka saa hizo upande mmoja, na barabara, reli na ziwa upande wa pili, kisha akalinganisha.

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, yafaa kuyatazama maneno. Kiswahili sanifu husema kwamba mwanamke amejifungua. Kitenzi hiki kina kiambishi rejeshi -ji-: mzito ndiye afungwaye na ndiye ajifunguaye. Mkunga anapoingia, lugha huongeza kiambishi cha kusababisha, na mama huzaa kwa kuzalishwa. Kisu kinapoingia, mama hupasuliwa, na umbo la kutendwa huchukua nafasi yote. Lahaja za Katanga, ambazo zimehifadhi sauti l pale ambapo Kiswahili sanifu kimeidondosha, zina kuzala na kupasula, lakini mpangilio wa maana ni uleule. Kando ya maneno hayo limesimama neno la Kifaransa lililovaa sauti za Kiswahili, sezarieni. Wengi hudhani kwamba neno hilo limetokana na kuzaliwa kwa Julius Caesar. Dhana hiyo ni vigumu kuikubali. Sheria ya Roma ilihusu mwanamke aliyekufa akiwa na mimba, kwamba asizikwe kabla ya mtoto kutolewa. Naye Aurelia, mama yake Caesar, aliishi hata mwanawe akawa mtu mzima na jemadari. Ni mwaka 1581 ndipo mganga Mfaransa François Rousset alipochapisha kitabu cha kutetea upasuaji huo kwa mama aliye hai. Kwa karne tatu baada yake, katika Ulaya, mama aliyepasuliwa kwa kawaida alikufa.

Bunyoro, mwaka 1879

Shahidi anayejulikana zaidi wa upasuaji wa namna hii katika Afrika ya Kati hatoki Tanganyika, bali nchi iliyo kaskazini zaidi katika bonde hilohilo la ufa, kando ya Ziwa Albert. Mwaka 1879 Mwingereza kijana, Robert Felkin, aliyefika Uganda pamoja na watu wa Church Missionary Society kwa njia ya Mto Nile, alishuhudia upasuaji mahali paitwapo Kahura katika Bunyoro. Habari zake alizisoma mbele ya chama cha madaktari wa uzazi cha Edinburgh mwezi Januari 1884, na zikachapishwa mwaka huohuo katika jarida la udaktari la mji huo.

Felkin aeleza kwamba mzazi alikuwa mwanamke wa umri wa miaka 20 hivi, na huo ulikuwa uzazi wake wa kwanza. Alilazwa juu ya kitanda kilichoinamishwa, akanyweshwa pombe ya ndizi hata akalegea. Pombe hiyohiyo ilitumiwa kuosha mikono ya mpasuaji na tumbo la mama. Mtu mmoja alishika vifundo vya miguu, wa pili alilituliza tumbo. Mpasuaji alinena maneno ya dua, akapiga ukelele ulioitikiwa na watu waliokusanyika nje, kisha akapasua kwa mkupuo mmoja kutoka juu kidogo ya kinena hadi chini ya kitovu. Mishipa iliyovuja damu iliguswa kwa chuma cha moto. Mtoto alitolewa, kisha kondo. Naye mpasuaji aliukamata mji wa mimba kwa mikono miwili, akaukamua hadi ukajikunja. Hakuushona. Mama aligeuzwa ili maji yote yatoke tumboni, ndipo kidonda kikafungwa kwa misumari 7 myembamba ya chuma iliyosuguliwa vizuri, ikazungushiwa uzi wa gome la mti. Juu yake ilipakwa dawa ya mizizi miwili iliyotafunwa, likawekwa jani la mgomba lililopashwa moto, kisha ikafungwa nguo ya gome. Saa 2 baadaye mtoto aliwekwa kifuani kwa mama yake. Na kwa kuwa maziwa yalikuwa machache, rafiki wa mama alimsaidia kunyonyesha. Misumari iliondolewa kwa zamu, ya mwisho siku ya 6. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona.

Ili kuupima ushuhuda huu, hapana budi kuuweka kando ya hali ya Ulaya ya miaka ileile. Mwaka 1876, miaka 3 tu kabla ya Kahura, Eduardo Porro wa Pavia alitafuta kumwokoa mama kwa kuuondoa mji wa mimba wote baada ya mtoto kutolewa, maana kuuacha kulimaanisha kuvuja damu na kuoza. Mwaka 1882, miaka 3 baada ya Kahura, Max Sänger wa Leipzig alieleza namna ya kuushona kwa nyuzi. Kwa hiyo mpasuaji wa Bunyoro alikuwa akifanya kazi katika wakati ambapo vyuo vya Ulaya vilikuwa bado vikilitafuta jibu, naye alikuwa na jibu lake: kileo cha kupunguza maumivu, pombe ya kusafisha, moto wa kuzuia damu, mkono wa kuukaza mji wa mimba. Felkin mwenyewe hakuona dalili za kubahatisha. Mwaka 1959 mwanahistoria wa tiba J. N. P. Davies aliichukua habari hii kama sehemu ya ushahidi kwamba Bunyoro ilikuwa na elimu ya tiba iliyojengwa kwa majaribio na kurithishwa.

Ushahidi huo ni wa Bunyoro, na haufai kutandazwa juu ya nchi zote za maziwa kana kwamba kila kijiji kilikuwa na mpasuaji wake. Shahidi ni mmoja, na mama aliyeonekana ni mmoja. Hata hivyo liko jambo moja katika habari ya Felkin ambalo wasomaji wake wa Edinburgh hawakulizingatia, kwa kuwa macho yao yalikuwa kwenye kisu. Upasuaji ulifanyika nyumbani. Mpasuaji, wasaidizi wake, dawa na majirani walikuwapo hapohapo alipokuwapo mzazi. Hapakuwa na safari. Kisu kilimfuata mama.

Ziwa, misafara na misheni

Kusini zaidi, katika Ziwa Tanganyika, karne hiyo ilikuwa karne ya misafara. Kutoka Ujiji, majahazi yalivuka kwenda ufuko wa magharibi kutafuta pembe na watumwa, na Kiswahili kikavuka nayo. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron aliutambua Mto Lukuga kuwa mlango ambao maji ya ziwa hutokea kwenda Lualaba. Karibu na mlango huo ndipo ulipojengwa mji ambao leo ni Kalemie. Mwaka 1883 Émile Storms, akitumwa na Shirika la Kimataifa la Afrika, alijenga kituo cha Mpala upande wa kusini wa mlango huo. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa mapadre wa White Fathers.

Ng'ambo ya ziwa, takriban mkabala na Mpala, iko Karema. Huko, mwaka 1889, alifika mtu ambaye maisha yake yastahili kukumbukwa katika kila historia ya tiba ya nchi hizi. Adrien Atiman alizaliwa katika nchi ya Timbuktu karibu na mwaka 1866, akatekwa utotoni, akauzwa, akakombolewa na White Fathers, akasomeshwa udaktari Malta. Kadinali Lavigerie alikusudia kuwa na matabibu Waafrika ambao wangekuwa pia makatekista. Atiman alikaa Karema hadi kifo chake mwaka 1956, yaani miaka 67, katika mahali ambapo daktari mwingine hakuwa jirani. Kumbukumbu zake alizichapisha mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Umuhimu wa Atiman kwa hoja ya makala haya ni mahali alipokaa. Alioa huko, akaishi kando ya wale aliowatibu. Kwa maana hiyo mpango wa Lavigerie, ingawa ulizaliwa na nia za dini na za zama zake, ulihifadhi kanuni iliyoonekana Kahura: mwenye elimu akae pale alipo mgonjwa. Mpango huo haukuenea. Mfumo uliofuata ulijengwa juu ya kanuni tofauti.

Albertville: mzazi anakifuata kisu

Mwishoni mwa mwaka 1891 Jules Jacques alianzisha kituo cha Albertville katika vita dhidi ya biashara ya watumwa. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo, kwenye Mto Lualaba, ilifika ziwani, na Albertville ikawa bandari. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, migodi ya makaa ya mawe ya Lukuga, na baadaye kiwanda cha nguo cha Filtisaf viliwakusanya watu kutoka nchi za Waluba, Watabwa, Waholoholo na Wabembe. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha kazini, sokoni na hospitalini.

Hospitali katika Kongo ya Kibelgiji ilifuata kazi. Daktari aliwekwa palipo na kituo cha serikali, kampuni au misheni, na makampuni makubwa yalitakiwa kuwatibu wafanyakazi wao. Huduma ya uzazi nayo ilikuwa na sababu zake za kisiasa. Utawala uliogopa kwamba idadi ya watu inapungua na kwamba kesho mikono ya kufanya kazi itakosekana. Tangu mwaka 1912 kulikuwa na chama cha kulinda watoto weusi wa Kongo. Zikafuata kliniki za watoto wachanga, shule za wakunga wasaidizi, na nyumba za kuzalia ambazo watu waliziita materinite. Katika uchunguzi wake wa hospitali ya misheni ya Yakusu, karibu na Kisangani, uliochapishwa mwaka 1999, mwanahistoria Nancy Rose Hunt ameonyesha jinsi kuzaa kulivyogeuzwa kuwa jambo la hospitali, na jinsi wauguzi, wakunga na wanawake wa Kongo wenyewe walivyolipa jambo hilo maana zao. Yakusu ni kando ya Mto Kongo, mbali na ziwa. Lakini mageuzi hayo yaliihusu nchi nzima.

Haifai kuyadharau mageuzi hayo. Nyuzi, dawa ya usingizi, damu ya kuongezea na, baada ya Vita Kuu ya Pili, penisilini viliufanya upasuaji uwe njia ya kuokoa maisha ya wote wawili. Pamoja na hayo, mwelekeo wa safari ulikuwa umegeuka. Mke wa mfanyakazi wa reli aliyekaa mjini alikuwa karibu na kisu. Mwanamke wa kijiji cha ufukoni, au wa njia ya Nyunzu, alitakiwa ajifikishe. Elimu ya kupasua ilikuwa imetolewa kijijini na kuwekwa mahali pamoja, mikononi mwa watu wachache, na wachache hao wote walikuwa wageni: Mkongomani aliweza kuwa muuguzi, au kwa kiwango cha juu zaidi msaidizi wa udaktari, lakini siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi haikuwa na daktari Mkongomani hata mmoja.

Kisu bila mwenyewe

Matokeo ya mpango huo yalionekana ndani ya wiki chache. Askari walipoasi mwezi Julai 1960, madaktari wengi wa Kibelgiji waliondoka. Shirika la Afya Duniani lilileta madaktari wa mataifa mengine, na likawapeleka makumi ya wasaidizi wa udaktari Ufaransa ili wamalizie masomo na kurudi wakiwa madaktari kamili. Wakati huohuo Albertville ilikuwa ikipita katika moto. Jason Sendwe, kiongozi wa Balubakat, ambaye kabla ya siasa alikuwa mmoja wa wasaidizi hao wa udaktari, aliuawa mjini humo mwezi Juni 1964, mji ulipotekwa na waasi wa Gaston Soumialot. Katika kifo chake siasa ya nchi na uhaba wa matabibu vyakutana kwa namna ya huzuni.

Swali ambalo Lavigerie alilijibu kwa namna yake mwaka 1889 lilirudi: je, hapana budi kisu kiwe mikononi mwa daktari peke yake? Jibu la wazi zaidi lilitoka Karawa, kaskazini-magharibi mwa Zaire, mbali sana na Tanganyika lakini chini ya mfumo uleule wa maeneo ya afya uliogawanywa nchi nzima katika miaka ya 1980. Huko wauguzi walifundishwa kufanya upasuaji wa dharura wa uzazi. Taarifa ya White, Thorpe na Maine, iliyochapishwa mwaka 1987 katika jarida la The Lancet, ilionyesha kwamba wauguzi hao waliifanya kazi hiyo kwa usalama. Tanzania nayo, kwa muda mrefu, imewategemea madaktari wasaidizi kufanya sehemu kubwa ya upasuaji wa aina hii katika hospitali za wilaya. Wapasuaji wa Karawa na wa wilaya za Tanzania hawakujua kwamba walikuwa wakirudia kanuni ya Kahura, lakini waliirudia.

Funzo la pili lilitoka jirani zaidi. Kaskazini-mashariki ya Kalemie, ng'ambo ya ziwa, iko Kigoma. Kati ya mwaka 1984 na 1991 Dkt. Godfrey Mbaruku na wenzake wa hospitali ya mkoa walichunguza kwa nini wazazi walikufa hata baada ya kufika hospitalini, kisha wakarekebisha mambo 22. Hawakungoja utajiri kutoka nje. Walitumia vizuri zaidi watu na vifaa vilivyokuwapo, walifundisha wafanyakazi, walitunza vyombo, walijali namna mgonjwa anavyopokelewa. Kadiri ya vifo vya uzazi hospitalini hapo ilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Matokeo hayo, yaliyochapishwa na Mbaruku na Bergström mwaka 1995, yanaonyesha kwamba kufika mlangoni siyo mwisho wa safari. Mama aweza kulala hatua 20 kutoka chumba cha upasuaji, naye bado yuko mbali.

Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine walikuwa wamelipa jambo hili sura ya jumla kwa kutaja uchelewaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kupokelewa. Historia ya Kalemie yaweza kusomwa kwa mpangilio huo. Uamuzi huchelewa kwa sababu ya gharama, kwa kuwa katika hospitali nyingi za Kongo mgonjwa hulipa mwenyewe, na kwa sababu mwenye kauli ya mwisho mara nyingi ni mume au mkwe. Kufika huchelewa kwa sababu ya mvua, matope, pepo za ziwa, treni isiyo na saa. Kupokelewa huchelewa damu isipokuwapo, umeme ukikatika, au mwenye ufunguo asipoonekana.

Vita viliongeza kila moja ya hizo. Tangu mwaka 1998 hadi 2003 Kalemie ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, na uchunguzi uliofanywa na shirika la International Rescue Committee katika mashariki ya Kongo ulionyesha kwamba waliokufa kwa magonjwa na kwa kukosa huduma walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa silaha. Miaka ya 2016 na 2017, mapigano kati ya Watwa na Waluba katika jimbo jipya la Tanganyika yaliwafukuza watu wengi vijijini. Mwezi Oktoba 2017 Umoja wa Mataifa uliitangaza hali ya jimbo hilo, pamoja na Kasai na Kivu ya Kusini, kuwa dharura ya daraja la juu kabisa. Mwanamke aliye katika kibanda cha wakimbizi pembeni ya mji amesogea karibu na hospitali bila kutaka; jirani yake aliyebaki porini amesogea mbali zaidi.

Idadi zinaeleza mzani wenyewe. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013 na 2014 ulikadiria vifo vya uzazi 846 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai katika Kongo, na wanawake waliozaa kwa kupasuliwa walikuwa asilimia 5 hivi. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limesema kwamba hapakuwa na sababu ya kuzidi asilimia 10 hadi 15. Katika nchi nyingi tajiri mjadala umekuwa juu ya visu vingi kupita kiasi. Katika nchi za ziwa mjadala ni juu ya mama ambao kisu hakikuwafikia.

Mtoto aliyewahi

Hata mama akiokoka, mtoto aliyetolewa kabla ya wakati ana safari yake mwenyewe. Mapafu hayajakomaa, mwili hauna mafuta ya kuhifadhi joto, nguvu ya kunyonya ni haba. Hapa pia historia ya ulimwengu imetoa njia mbili. Ya kwanza ni ya mashine: tangu mwaka 1880 mjini Paris, Stéphane Tarnier aliwaweka watoto wa namna hii katika kisanduku chenye joto. Ya pili ilianzia Bogotá mwishoni mwa miaka ya 1970, ambako Edgar Rey, alipokosa visanduku vya kutosha, aliwafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo, inayoitwa ya kangaruu, imethibitishwa kuwa inaokoa maisha, nayo haingoji umeme. Tena si ngeni kabisa kwa msomaji wa Felkin: mtoto wa Kahura aliwekwa kifuani saa 2 baada ya mama yake kufungwa kwa misumari, na rafiki akatoa maziwa yake.

Hitimisho

Historia hii inatoa sababu ya kuacha kuligawa jambo la kuzaa kwa kupasuliwa katika mafungu mawili, ujuzi wa kigeni upande mmoja na ujinga wa kienyeji upande wa pili. Mwaka 1879 elimu ya kupasua na kuponya ilikuwako katika nchi za maziwa. Kilichobadilika baadaye ni ubora wa kisu, ambao uliongezeka sana, na mahali pake, ambapo pamekuwa mbali. Karema, Karawa na Kigoma, kila moja kwa namna yake, imeonyesha kwamba umbali huo ni kazi ya binadamu na waweza kupunguzwa na binadamu: kwa kumfundisha muuguzi aliye karibu, kwa kumpokea mgonjwa vema, kwa kuwa na chombo kilicho tayari majini na pikipiki iliyo tayari barabarani kabla uchungu haujaanza.

Mwanzoni mwa makala haya ilionekana kwamba Kiswahili kina vitenzi vitatu vya jambo hili: kujifungua, kuzalishwa, kupasuliwa. Cha kwanza kinampa mama kazi yote. Cha pili kinamtaja mkunga. Cha tatu kinamtaja mwenye kisu. Historia ya Kalemie inadai kitenzi cha nne kitangulie cha tatu, nacho ni kufikishwa. Katika kitenzi hicho mtendaji hatajwi, lakini yumo: ni mume, jirani, mpiga kasia, mwenye pikipiki, mkuu wa eneo, serikali. Mama anayeshikwa na uchungu usiku huu katika ufuko wa ziwa, wiki nyingi kabla ya siku yake, hana haja ya kuulizwa kama kuzaa ni kazi. Swali ni la hao wengine, na huulizwa kwa saa.